Liposomu zenye chaji chanya: neno "salama" peke yake halitoshi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo ambalo limeshatoka nje ya kuta za maabara. Neno "liposomu" sasa linasomeka kwenye lebo za vipodozi na virutubisho, kwenye mabango ya semina za vyuo na kwenye kurasa za afya za magazeti. Mara nyingi linaongozana na maneno "salama kwa seli". Sisi tunaofundisha vijana kazi za maabara hapa Mbeya tunasema maneno hayo, yakiachwa hivyo bila kipimo, hayana uzito. Kwa liposomu zenye chaji chanya yanaweza kupotosha kabisa, kwa sababu kinachozifanya zifanye kazi ndicho hicho hicho kinachoua seli.

Liposomu ni kipovu kidogo mno cha mafuta chenye maji ndani. Lipidi inayokijenga ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ikitiwa majini inajipanga safu mbili, mikia ikielekeana, kisha safu hiyo inajifunga kuwa mpira. Alec Bangham na wenzake kule Babraham, Uingereza, ndio waliozieleza miaka ya 1960. Liposomu ya nanomita 100 ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu kumi kwa mstari zinatimiza milimita moja.

Uso wa seli una chaji hasi. DNA na RNA nazo ni hasi, kwa hiyo zikiachwa peke yake seli inazisukuma mbali. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake, Marekani, walichanganya lipidi yenye chaji chanya iitwayo DOTMA na lipidi nyingine iitwayo DOPE, wakaonyesha kwamba mchanganyiko huo unaishika DNA na kuiingiza ndani ya seli. Maabara nyingi zimeifuata njia hiyo, na DOTAP, ndugu wa DOTMA, ndiyo inayotumika sana leo.

Hapa tuondoe mkanganyiko mmoja. Amfoterisini B ya liposomu, dawa ambayo wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi wa kriptokokasi wanapewa kwa dripu, ina chaji hasi. Haihusiki na madhara tunayoyaeleza hapa. Chanjo za mRNA za UVIKO-19 nazo zilitumia lipidi ambayo kwenye pH ya damu karibu haina chaji, inapata chaji chanya pale tu inapofika ndani ya seli kwenye kijifuko chenye asidi. Watafiti walichagua hivyo makusudi, wakikwepa sumu ya chaji chanya isiyozimika. Kwa hiyo mtu asichukue sifa za dawa hizo akazivika DOTAP.

Seli inaumizwaje? Liposomu chanya inang'ang'ania utando wa seli, inauvuruga na kuutoboa. Ikishamezwa inapasua vifuko vya ndani na kumwaga vimeng'enya vyake mahali visipotakiwa. Lipidi zenyewe zinaweza kuzuia kimeng'enya cha proteini kinase C, ambacho seli inakitegemea katika kupokea ishara, na zinachochea oksijeni kali inayounguza kila inachogusa. Muundo wa lipidi una neno lake pia. DOTMA imeungwa kwa etha ambayo seli haiivunji kwa urahisi, hivyo inakaa. DOTAP imeungwa kwa esta, inakatika. DC-kolestero, iliyoelezwa mwaka 1991 na Gao na Huang, ina kichwa ambacho chaji yake si ya kudumu, na kwa kawaida seli zinaivumilia zaidi. Stearilamini ya zamani ni kali, na hatuoni sababu ya kumpa mwanafunzi aanze nayo.

Sasa utengenezaji. Tunaueleza kwa kirefu kwa sababu sehemu kubwa ya "sumu ya liposomu" inayoandikwa kwenye ripoti za wanafunzi si ya liposomu hata kidogo. Ni klorofomu iliyobaki, ni sabuni ya vyombo, ni mabonge yaliyozama juu ya seli.

Tuchukue mililita 5 zenye lipidi milimola 5 (yaani milimoli 5 kwa kila lita) kwa jumla, DOTAP na DOPE nusu kwa nusu kwa hesabu ya moli. Hiyo ni maikromoli 12.5 za kila moja: DOTAP miligramu 8.7 na DOPE miligramu 9.3. Kama lipidi imekuja tayari ndani ya klorofomu kwa miligramu 25 kwa mililita, chukua mililita 0.35 za DOTAP na 0.37 za DOPE. Tumia bomba la sindano la kioo. Ncha ya plastiki ya pipeti inatoa kemikali zake ndani ya klorofomu, na hizo nazo zitafika kwenye seli. Chupa ya lipidi ikitoka kwenye friza iache ifike joto la chumba kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unatona ndani, na hilo linatokea mbele ya macho yako.

Mimina kwenye chupa duara ya kioo ya mililita 50, ongeza klorofomu kufikia mililita 3 hivi, changanya hadi iwe angavu. Kisha funga kwenye mashine ya kuvukizia, beseni la maji likiwa nyuzi 40, chupa ikizunguka.

Hapo ndipo mwinuko wetu unapoingia kazini. Kila mpishi wa Mbeya anajua maharage yanachelewa kuiva huku kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa ni karibu milibari 830, wakati pwani ni 1,013. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa pwani. Anayetumia geji ya mshale inayoanzia sifuri kwenye hewa ya kawaida akaivuta hadi -750 kama mwongozo unavyosema, pwani amebakiza milibari 260 na klorofomu inachemka kwa utulivu. Mbeya amebakiza 80. Klorofomu inaruka, nusu ya lipidi inapaa hadi kwenye shingo ya mashine, na kiasi cha DOTAP na DOPE kilichopimwa kwa makini kinapotea bila mtu kujua. Hapa simama kwenye -570. Njombe, iliyo juu zaidi, simama mapema zaidi. Kama geji inasoma kanieneo kamili, weka 260 popote ulipo.

Klorofomu ikishakwisha, utaona ukungu mwembamba umetanda ndani ya kioo kama mafuta yaliyoganda ukutani mwa sufuria. Ukiona mabaka meupe mazito upande mmoja, rudia: ongeza klorofomu kidogo, vukiza tena taratibu. Usiridhike na macho, wala na pua. Utando unaoonekana mkavu bado unashika klorofomu, na klorofomu inaua seli vizuri sana. Uache kwenye ombwe kali usiku kucha, au saa zisizopungua nne kama umeme unasumbua. Pampu ikizimika katikati ya usiku, hewa ikaingia, hesabu upya saa zako. DOTAP na DOPE zote zina mikia ya oleiki inayoharibiwa na oksijeni, kwa hiyo rudisha hewa kwa naitrojeni kama unayo.

Maji ya kulowekea yana siri yake. Wengi wanakimbilia bafa (maji yanayoshikilia pH) ya fosfati kwa mazoea. Fosfati ni hasi na chumvi yake ni nyingi. Inafunika chaji chanya, liposomu zinagandamana, na baada ya siku chache chini ya chupa kuna tope. Tumia glukosi ya asilimia 5, ile ile ya dripu inayopatikana katika famasi yoyote ya hospitali, lakini kumbuka ina asidi, kwa hiyo weka HEPES, bafa isiyo na fosfati, hadi milimola 10 na urekebishe pH iwe 7.4. Mimina mililita 5, zungusha chupa bila ombwe kwa dakika 30 hadi 60. Utando unabanduka na maji yanakuwa kama tui jepesi. Kwa DOTAP na DOPE huhitaji joto, kwani lipidi hizi zinabaki laini hata chini ya nyuzi 5. Lakini ukibadilisha ukatumia lipidi ngumu zaidi kama DPPC, inayolainika kwenye nyuzi 41, au DSPC, inayolainika kwenye 55, lazima beseni, maji na kifaa cha kukamulia vyote viwe juu ya joto hilo. Maabara ya Julai yenye nyuzi 15 itazigandisha ndani ya kichujio na kuuchana utando wake.

Kukamua, yaani kuzisukuma liposomu zipite kwenye matundu madogo, kunaanza na utando wa polikaboneti wenye matundu ya nanomita 400, kisha 200, kisha 100. Pitisha mara 11 kwenye kila utando, daima namba witiri, ili liposomu ziishie kwenye bomba la upande wa pili na mabonge yasiyopita yabaki upande wa kwanza. Tui linageuka kuwa maji yenye wingu la buluu hafifu. Ukubwa unaotarajiwa ni nanomita 110 hadi 130, na kipimo cha mtawanyiko wa ukubwa kisizidi 0.2. Potenshali ya zeta, inayoonyesha chaji ya uso wa liposomu, ipimwe kwenye chumvi ya milimola 10, si kwenye chakula cha seli, na iwe kati ya +40 na +60 milivolti. Ikishuka chini ya +30, kuna kilichoingia: fosfati, protini, au sabuni. Sabuni za kuoshea vyombo nyingi ni hasi na zinaishika DOTAP mara moja. Vyombo vya kazi hii visuuzwe kwa maji yaliyochujwa mara kadhaa, kisha ethanoli, kisha klorofomu, na vya kioo vichomwe kwenye nyuzi 250 kwa dakika 30 kuondoa endotoksini, sumu itokayo kwa bakteria. Liposomu chanya hushika endotoksini kwa nguvu, na makrofeji, seli za kinga zinazomeza vitu, zitapiga kelele ukadhani ni sumu ya lipidi.

Kuna kosa jingine lisiloonekana. Watu wanapima lipidi iliyobaki baada ya kukamua na kuchuja kwa kipimo cha fosforasi. DOTAP haina fosforasi hata moja. Kipimo hicho kinaiona DOPE tu. Unaweza kupoteza DOTAP kwenye kichujio au ukutani mwa kioo, maana kioo nacho ni hasi, na kipimo kikakuambia mambo ni shwari. Pima DOTAP kwa njia yake, na uchanganyaji wa mwisho ufanye kwenye vichupa vya polipropileni muda mfupi kabla ya kuweka kwenye seli.

Tukifika kwenye seli, mwinuko unaturudia tena. Inkubeta iliyowekwa asilimia 5 ya kabonidayoksaidi hapa haitoi gesi sawa na ya pwani, kwa sababu ni asilimia 5 ya hewa iliyo nyepesi. Chakula cha seli kinapanda pH na rangi inaelekea zambarau. Weka asilimia 6 na urekebishe kihisio kwa kanieneo ya mahali ulipo. Chombo cha mvuke cha kuua vijidudu chenye vali ya uzito ya pauni 15 nacho huku kinafika nyuzi 118 tu badala ya 121. Ongeza muda, au tumia chenye geji ukifikishe pauni 18. Seli zilizodhoofishwa na mambo haya zitakufa kwa kipimo kidogo cha liposomu, na lawama itaangukia liposomu.

Panda seli 5,000 hadi 10,000 kwa kila kisima kwenye sahani ya visima 96, usiku mmoja kabla. Visima vya pembeni vijaze maji tu, kwani hewa ya Septemba na Oktoba ni kavu na pembeni panakauka. Vipimo viwe sita, kwa mfano maikromola 5, 10, 20, 40, 80 na 160. Kutoka kwenye milimola 5, kipimo cha 160 ni maikrolita 3.2 ndani ya 100. Weka na visima vyenye glukosi na HEPES kiasi kile kile bila lipidi, na visima vya Triton X-100, sabuni ya maabara inayopasua seli, vinavyoonyesha kifo kamili. Kama utabeba DNA, visima vya liposomu tupu ni lazima. Bila hivyo hujui kama kilichoua ni mzigo au mbebaji. Na hesabu ya chaji iwe wazi: maikrogramu 1 ya DNA ina nanomoli 3 za fosfati, hivyo kwa uwiano wa mbili kwa moja unahitaji nanomoli 6 za DOTAP, ambazo kwenye mchanganyiko wetu ni maikrolita 2.4. Epuka uwiano wa 1:1. Hapo chaji zinafutana, vitu vyote vinagandamana, na mabonge yanazama juu ya seli.

Seramu, maji ya damu yanayotiwa kwenye chakula cha seli, inabadilisha kila kitu. Protini zake zinavaa liposomu, zinapunguza chaji na zinaficha sumu. Matokeo ya saa 24 ndani ya seramu ya asilimia 10 hayalinganishwi na ya saa 4 bila seramu, na ripoti isiyosema ipi ilitumika haifai kunukuliwa. Aina ya seli vilevile: makrofeji zinazomeza kila kitu zinaathirika kwa kipimo ambacho limfosaiti T, seli nyingine za kinga, zinakivumilia, na DOPE inazidisha madhara hayo kuliko lipidi nzito kama DPPC. Anayejaribu kwenye HeLa, seli za saratani zinazooteshwa maabara, pekee kisha akaandika "salama kwa seli za binadamu" ameruka mto bila daraja.

Kwa MTT, rangi ambayo seli hai huigeuza kuwa fuwele, weka maikrolita 10 za miligramu 5 kwa mililita, subiri saa 3 au 4, ondoa maji, yeyusha fuwele kwa DMSO maikrolita 100, soma kwenye nanomita 570. Tahadhari: lipidi zinaweza kuifanya seli itapike fuwele nje mapema, usomaji ukadanganya. Angalia chini ya hadubini kabla ya kuyeyusha. Fuwele zenye umbo la sindano nje ya seli ni dalili. Kwa sababu hiyo hatukubali MTT peke yake. Iambatane na kipimo cha LDH, kimeng'enya kinachovuja nje ya seli, ambacho kinaonyesha utando uliotoboka, huku ukikumbuka kwamba seramu yenyewe ina LDH. Kigezo cha ISO 10993-5, kilichoandikwa kwa vifaa tiba, kinasema uhai ukishuka chini ya asilimia 70 kuna dalili ya sumu. Ni kigezo kizuri kuanzia. Asilimia 71 haimaanishi salama.

Kwa chochote kinacholengwa kuingia kwenye damu, pima na seli nyekundu: mchanganyiko wa asilimia 2, nyuzi 37, saa moja, zungusha kwenye sentrifuji, soma maji ya juu kwenye nanomita 540. Zaidi ya asilimia 5 ya kupasuka ni tatizo. Lakini kabla ya kusoma, weka tone moja chini ya hadubini. Liposomu chanya zinaweza kuzigandisha seli nyekundu mafungu mafungu bila kuzipasua, maji ya juu yakabaki meupe, na mtu akaandika kwamba hakuna madhara. Mishipani, mafungu hayo ndiyo yanayoziba.

Ndugu Mhariri, maombi yetu kwako na kwa waandishi wako ni mafupi. Mkiletewa habari ya liposomu "salama", ulizeni: kwa seli ipi, kwa maikromola ngapi, kwa saa ngapi, na seramu ilikuwepo? Mtafiti makini anayo majibu mfukoni. Na kwa wasimamizi wenzetu vyuoni, tusimpitishe mwanafunzi ambaye grafu yake haina visima vya liposomu tupu.

Mchanganyiko ukibaki, utunze kwenye nyuzi 4, usiugandishe bila sukari ya kulinda, na upime ukubwa kila wiki. Ukipanda au mtawanyiko ukizidi 0.2, mwaga. Klorofomu isimwagwe kwenye sinki wala kukaa juani, kwani mwanga na hewa vinaigeuza kuwa fosijeni, gesi yenye sumu. Iwekwe kwenye chupa ya kahawia yenye alama ya taka za halojeni. Kwenye kichupa cha liposomu andika kwa kalamu isiyofutika: lipidi na uwiano wake, milimola, bafa, tarehe, nanomita, milivolti.

Wakufunzi wa maabara ya baiolojia ya seli,
Mbeya